Sumu Yenye Jani la Kijani

Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa anaanika maharagwe uani. Alitandika gunia jeupe chini, akayamwaga maharagwe, akayatandaza kwa kiganja. Kisha akaketi kwenye kigoda na kuanza kutoa vijiwe. Watoto wake pacha walikuwa shuleni. Mume wake, Baba Pacha, alikuwa kazini kwenye matangi ya dhahabu. Mdogo wake wa kiume naye alikuwa hukohuko.

Huyu mdogo wake aliitwa Kipaza, kwa sababu ya sauti yake. Akiongea barabarani, aliye jikoni anasikia. Akicheka, kuku wanakimbia. Mama Pacha alimlea tangu mama yao alipofariki, na akamwombea kazi kwa shemeji yake. Baba Pacha alikuwa msimamizi wa matangi, kwa hiyo haikuwa shida.

Kazi ya matangi ni hii. Mchanga kutoka machimboni hulowekwa kwenye maji yenye dawa. Dawa huyeyusha dhahabu, dhahabu huingia kwenye maji, na baadaye hunaswa na kutolewa. Kwa miaka mingi dawa yao ilikuwa sayanaidi. Sayanaidi ni sumu kali, na kila mtu aliiogopa.

Enzi hizo Baba Pacha hakuwa na mchezo. Asiye na glavu, hagusi kitu. Maji ya tangi lazima yawe na chokaa ya kutosha wakati wote. Na asidi ilikuwa marufuku kabisa. "Asidi ikikutana na sayanaidi, tunaagana hapohapo," alizoea kusema, hata akiwa nyumbani anakula. Mama Pacha aliyajua maneno hayo kwa kichwa.

Halafu ikaja dawa mpya. Aliileta muuzaji mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Gunia lake lilichorwa jani la kijani, na chini yake maneno makubwa: RAFIKI WA MAZINGIRA. Muuzaji aliyeyusha dawa kidogo kwenye ndoo ya maji ya chokaa. Akachovya vidole, akavifuta kwa leso, akatabasamu. "Hii si sayanaidi," alisema. "Hii ni mboga." Watu wakacheka. Bosi, mwenye matangi, akanunua.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, nalo lilikuwa kosa kubwa. Jina la zamani lilipoondoka, sheria za zamani nazo ziliondoka. Glavu zilitundikwa msumarini zikajaa vumbi. Chokaa ikawa inatiwa siku mtu akikumbuka. Magunia matupu yakaenda majumbani, maana yalikuwa magumu na hayatoboki. Gunia la maharagwe ya Mama Pacha lilikuwa mojawapo.

Jirani yake akatoka chumbani, mswaki mdomoni. Alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya kupima mawe ya dhahabu, na uani pale walimwita Mpimaji. Akalitazama lile gunia. Akatema mate.

"Jirani, hilo gunia umelitoa wapi?"

"Kwa Baba Pacha, kazini. Zuri, eh? Hata mvua haliogopi."

"Lilikuwa na nini?"

"Ile dawa yao mpya. Haina neno, shoga yangu. Wanasema ni mboga."

Mpimaji hakucheka. Alirudi ndani, akatoka amevaa glavu za kazini kwake. Akainua pembe ya gunia na kutazama karibu na mshono. Pale palikuwa na maandishi madogo mno, tena ya lugha ya kigeni. Akasoma polepole na kumwelezea.

"Wanasema maji yake yawekwe chokaa muda wote. Wanasema isikutane na asidi kabisa. Wanasema mfuko wake usitumike kwa kazi nyingine."

"Na ndani wanasema kuna nini?"

"Hilo ndilo hawakuliandika." Mpimaji akaliacha gunia. "Mama Pacha, wewe ni mke wa msimamizi. Ni dawa gani ya dhahabu unayoijua, inayotaka chokaa na kuogopa asidi?"

Mkono wa Mama Pacha ukasimama juu ya maharagwe. Hakuhitaji kufikiri. "Sayanaidi," alisema.

"Siwezi kuapa mpaka ipimwe. Lakini kazini tumeshaletewa dawa za namna hii. Zimeandikwa kwamba hazina sayanaidi. Baadhi tulipozipima, tuliikuta imekaa humo kwa raha zake."

Mama Pacha aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Hasira zilimpanda. Juzi tu walikula maharagwe yaliyoanikwa hapohapo. Watoto wake walikula, wakaomba tena, na ni bahati tu hawakuugua. Alimkasirikia muuzaji, akamkasirikia mumewe, akajikasirikia mwenyewe kwa kupenda cha bure. Mpimaji alilikunja gunia na maharagwe yake yote, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga.

Kabla hawajaamua walipeleke wapi, simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa Baba Pacha. "Njoo hospitali," alisema. "Kipaza ameanguka kazini."

Walikwenda wote wawili na ule mfuko. Baba Pacha alikuwa amesimama kwenye korido, suruali yake imejaa matope. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ameangukaje?" Mama Pacha aliuliza.

"Bomba la kwenye banda la matangi liliziba. Lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Nikamwambia amwagie asidi ya betri, ulainike, aukwangue."

"Asidi?"

"Kidogo tu."

"Baba Pacha. Wewe ndiye uliyenitoa roho kila siku na habari za asidi, hata nikisafisha choo. Leo wewe ndiye umempa ndugu yangu asidi?"

"Hiyo ilikuwa enzi za sayanaidi, mke wangu. Siku hizi hatuitumii."

Akasimulia yaliyotokea. Kipaza alimwaga asidi, bomba likafoka. Akasema kichwa kinamzunguka. Akatania kwamba amelewa bila kunywa. Mara miguu ikamlegea, akaanza kuhema kama mtu aliyekimbia mbali. Wenzake walikuwa mlangoni, upepo ukivuma kutoka mgongoni kwao. Walimvuta kwa miguu mpaka nje, wakampakia kwenye gari.

Mlango ukafunguka, daktari akatoka. Alikuwa ana haraka, akamtazama Baba Pacha usoni.

"Nakuuliza tena, msimamizi. Kazini kwenu mnatumia sayanaidi?"

"Hapana, daktari. Tuliacha. Tunatumia dawa ya kijani, rafiki wa mazingira. Hiyo ni asidi tu imempata kifuani."

"Oksijeni tumemwekea, lakini hali yake haiendi vizuri. Mji huu una machimbo, kwa hiyo kabatini nina dawa ya kuzima sayanaidi. Ila ni dawa kali. Nikimpa mtu asiye na sayanaidi mwilini naweza kumwongezea balaa. Dalili naziona, lakini wewe unasema haipo."

"Haipo. Naapa."

"Ipo," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha akageuka. "Mke wangu, wewe hujui kazi ya matangi. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Aibu yako tutaizika kesho. Ndugu yangu sitaki kumzika leo." Akamsogelea daktari. "Daktari, ipo. Gunia lake tunalo hapa. Huyu jirani yangu anafanya kazi maabara. Msikilize yeye, usimsikilize huyu."

Mpimaji hakupoteza muda. Alisema maneno yaliyo kwenye gunia, moja baada ya jingine. Chokaa muda wote. Asidi kamwe. Mfuko usitumike tena. "Na kijana amemwagia asidi kwenye bomba la dawa hiyo, ndani ya banda," alimalizia.

"Inatosha," alisema daktari. Akarudi ndani, na muuguzi akakimbilia kabatini.

Walikaa kwenye benchi. Mama Pacha hakulia. Angelia, pengine mumewe angepata nafuu, na yeye hakutaka apate nafuu.

"Ulimwamini yule mtu kwa sababu gani?" aliuliza. "Kwa sababu ya shati?"

"Alichovya vidole, mke wangu. Sote tuliona."

"Kwa hiyo angechovya na ulimi ungetuletea dawa tupikie?"

Baba Pacha aliinamisha kichwa. Wagonjwa waliokuwa karibu walijifanya wanatazama dirishani.

Muda ukapita. Daktari alipotoka, uso wake ulikuwa umelegea kidogo. "Anapumua vizuri sasa," alisema. "Amefumbua macho. Tutakaa naye, lakini nadhani atapona."

Kisha akamgeukia Baba Pacha, na sauti yake ikabadilika. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha kwa makusudi, najua. Lakini ungeniambia sayanaidi ulipoingia mlangoni, ningempa dawa mlangoni. Jina la uongo limemchelewesha mgonjwa wangu. Nusura limuue baada ya sumu kushindwa kumuua."

Mama Pacha aliruhusiwa kuingia. Kipaza alikuwa amelala chali. Alimwona dada yake, akasogeza midomo. Dada mtu akainama kusikiliza. Kipaza, ambaye sauti yake ilikuwa inavuka mitaa, aliomba maji kwa kunong'ona. Hapo ndipo Mama Pacha alipolia.

Siku iliyofuata, Mpimaji alikuja kukaa nao sebuleni. Baba Pacha alikuwa hajala. Alikuwa bado anang'ang'ania vile vidole.

"Lakini alichovya na hakudhurika," alisema. "Nieleze hilo."

"Alichovya kwenye maji ya chokaa," Mpimaji alijibu. "Kwenye maji yenye chokaa ya kutosha, sayanaidi hukaa ndani ya maji. Naye alifuta vidole upesi. Hata hivyo ilikuwa hatari, maana sumu hii hupita kwenye ngozi pia, hasa ukiwa na kidonda. Chokaa ikipungua, sumu huanza kutoka kwenye maji kama hewa. Ukitia asidi, hutoka kwa wingi na kwa ghafla. Huioni. Unaivuta tu. Mbona hakutia asidi kwenye ndoo mbele yenu?"

"Kipaza angesikia harufu."

"Wengine husikia harufu, wengine hawasikii chochote. Pua si kipimo, shemeji. Ukiitegemea pua, utaitegemea mara moja tu."

Mama Pacha akauliza, "Kwa hiyo hizi dawa mpya zote ni uongo?"

"Sisemi zote. Zipo ambazo kweli hazina sayanaidi. Lakini nazo zina mambo yake. Nyingine huunguza, nyingine huharibu maji ya mto, nyingine zikikaa mwilini miaka huleta maradhi mabaya. Jamani, kitu kinachoyeyusha dhahabu, mtu anawezaje kukuambia ni mboga? Kimeishinda dhahabu, ini lako litakiweza?"

Baba Pacha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyempa asidi."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Wewe ndiye." Hakumwambia neno la kumfariji. Alimwekea chakula mezani, akamwambia ale, kwa sababu walikuwa na safari ya kwa Bosi.

Dawa ilipelekwa maabara ikapimwa. Sayanaidi ilikuwamo, wala si ya kutafuta kwa tochi. Habari zilienea mtaani. Wake, dada na mama wa wafanyakazi wote wakaanza kutafuta yale magunia majumbani mwao. Moja lilikuwa na unga. Moja lilikuwa limekatwa na kushonwa kuwa mfuko wa shule. Moja lilikuwa limetandikwa chini ya godoro la mtoto anayekojoa kitandani. Kila gunia lililopatikana liliongeza hasira.

Mpimaji aliwapa glavu, akawaonyesha namna ya kuyafunga magunia bila kuyakung'uta. Wakayabeba mpaka kazini. Baba Pacha alitangulia mbele, na Mama Pacha akamfuata. Waliyapanga mlangoni kwa Bosi mpaka kizingiti hakikuonekana.

Bosi akatoka. "Mnafanya nini? Mnanichafulia ofisi."

"Si rafiki wa mazingira, Bosi?" alisema Mama Pacha. "Mbona unarudi nyuma?"

Bosi akatazama huku na huku. "Jamani, hata mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza," alisema Mama Pacha. "Uliambiwa ni nafuu, haina masharti, ukafurahi. Mdogo wangu amelazwa kwa sababu ya furaha yako. Sisi hatukuja kukusikia ukisikitika. Tumekuja kusikia utafanya nini."

"Na mimi nina la kusema," alisema Baba Pacha. Alisimama mbele ya wafanyakazi wake wote. "Mimi ndiye niliyeacha sheria. Kuanzia leo, dawa yoyote ya kuyeyushia dhahabu ni sayanaidi mpaka maabara iseme siyo. Hata ikichorwa malaika. Asiyekubali, atafute msimamizi mwingine."

Hakuna mfanyakazi aliyesogea kwenda tangini siku hiyo. Matangi hayajiendeshi yenyewe, na Bosi alilijua hilo. Akakubali.

Mambo yakabadilika, na hayakubadilika kwa maneno matupu. Asidi iliondolewa kabisa kwenye banda la matangi. Bomba likiwa na ukoko, linafunguliwa, linasafishwa kwa maji mengi na kukwanguliwa kwa mkono, nje, penye upepo. Chokaa inatiwa na kupimwa kila zamu kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Glavu, buti na miwani vilinunuliwa vipya. Hakuna anayekula wala kuvuta sigara karibu na matangi. Hakuna anayefanya kazi peke yake. Bwawa la maji machafu lilitandikwa turubai nene na kuzungushiwa ua, ng'ombe na watoto wasifike. Magunia matupu hayatoki getini. Yanakusanywa na kuteketezwa na watu wenye kibali cha kazi hiyo.

Walifundishwa pia la kufanya mwenzao akianguka. Usikimbilie pale alipo bila kifaa cha kupumulia, maana mtakuwa maiti wawili. Wale waliomvuta Kipaza walipona kwa sababu ya upepo tu. Mkishamfikisha kwenye hewa safi, mvueni nguo zilizolowa na mmwagie maji mengi, mkiwa na glavu. Usimpulizie hewa mdomo kwa mdomo. Mpelekeni hospitali haraka, na itajeni dawa kwa jina lake la kweli. Daktari mwenyewe alikuja kuwaeleza haya. Wakaunda kamati ya usalama, na watu wa nyumbani wakapewa nafasi ndani yake. Mama Pacha alichaguliwa bila kupingwa, maana nani angethubutu.

Kipaza alirudi kazini baada ya kupona. Mwanzoni alichoka haraka. Polepole sauti yake ikarudi, na kuku wakaanza tena kukimbia.

Siku moja yule muuzaji akaja tena. Shati lilikuwa limepigwa pasi vilevile. Safari hii gunia lilikuwa na jina jingine, na mahali pa jani palichorwa ua. Kamati ikamkaribisha. Wakampa kiti na maji ya kunywa. Yeye akaanza. "Ndugu zangu, ile ya zamani ilikuwa na kasoro, nakiri. Hii ni safi kabisa. Haina sayanaidi hata chembe."

"Ndani kuna nini?" aliuliza Baba Pacha.

"Hiyo ni siri ya kampuni."

"Una karatasi ya maabara?"

"Inakuja. Lakini mimi nawahakikishia."

Mama Pacha akachukua karatasi tupu na kalamu, akamsogezea. "Hakuna shida," alisema. "Tuandikie kwa mkono wako kwamba haina sayanaidi. Weka sahihi na namba yako ya simu. Sisi tutaibandika hospitalini, juu ya kabati la dawa. Mtu wetu akianguka, daktari atasoma maneno yako, na dawa ya sayanaidi ataiacha kabatini."

Muuzaji aliishika kalamu. Aliitazama karatasi. Akawatazama watu, akamwona na Kipaza.

"Ah, hapo sasa," alisema. "Hapo daktari ampe tu ile dawa. Kwa tahadhari."

Hata muuzaji mwenyewe alisikia alichokisema. Akaiweka kalamu mezani, akainuka. Kipaza akavaa glavu zake, akalibeba lile gunia lenye ua, akamrudishia mpaka kwenye gari lake.